Nani anakaa mezani? Mangaribi moja juu ya meli ya Mississippi

Leo siandiki juu ya politike wala juu ya konkur za kazi. Nataka niwaambie juu ya chakula cha mangaribi nilichokula juu ya meli, kule New Orleans, Marekani, na namna kile chakula kilinirudisha mpaka kwetu Lubumbashi ya mwaka wa 1960. Ni historia ndefu kidogo. Lakini sisi wenye diplome inatuhusu, mutaona.

Nilikuwa kule kwa staji ya miezi miwili. Siku za mwisho, wenzangu wa kazi wakanilipia tiketi: saa mbili juu ya mto, chakula ndani, na orkestra ya jazz inapiga. Mimi mtoto wa Katanga, mambo ya mito mikubwa nilikuwa naisoma tu shuleni. Nikavaa shati nyeupe, suruali nyeusi, viatu vya siku ile ya kutetea memwari. Nikatoka.

Ile meli inaitwa Natchez. Ni ya tisa kubeba jina hilo. Iliingia majini mwaka wa 1975, lakini mashini zake za mvuke ni za 1925, zilitolewa kwenye meli ingine ya zamani. Nyuma iko na gurudumu kubwa jekundu linalopiga maji. Mbele ya kuondoka, mtu mmoja alipanda juu kabisa akacheza kinanda kinachopiga kwa nguvu ya mvuke, sauti ikafika mbali ndani ya mji. Kisha tukateremka na mto. Jua lilikuwa linazama. Tulipita magati, maghala, na kiwanda kimoja kikubwa sana cha sukari. Chini, meza zilikuwa zimepangwa vizuri, na orkestra ikaanza: tarumbeta, tromboni, klarineti, ngoma.

Walituletea gumbo. Ni supu nzito, na mara nyingi inapikwa na dongodongo. Ndiyo, dongodongo ile ile ya kwetu. Nilipoonja nikacheka peke yangu mezani. Hata jina lenyewe, gumbo, linatoka katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambamo neno la namna hiyo ni dongodongo. Watu waliovushwa bahari na minyororo walibeba jina la mboga yao, na leo watalii wanalipa pesa mingi ili waile huku wanasikiliza muziki.

Nikaenda kusimama karibu na mlango ili nione mto vizuri. Hapo mama mmoja, abiria kama mimi, akaniwekea glasi yake tupu mkononi. Hakuniangalia hata usoni. Alidhani ni mimi ninayehudumia. Shati nyeupe, suruali nyeusi, ngozi yangu: hesabu yake ilikuwa imekwisha. Sikusema kitu. Nilibeba ile glasi nikaipeleka kwenye kaunta, nikarudi kukaa. Orkestra iliendelea kupiga, watu wakapiga makofi, na mimi pia nikapiga.

Usiku ule sikulala vizuri. Sikuwa na hasira na yule mama, maana pengine alichoka tu. Nilijiuliza swali lingine: juu ya mto huu, nani alikuwa anakaa mezani, na nani alikuwa anabeba glasi? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwezi wa 7 mwaka wa 1872, mwanamke mmoja mweusi anayeitwa Josephine DeCuir alipanda meli ya mvuke Governor Allen pale New Orleans, akipanda na mto kuelekea kwao Pointe Coupee, ndani ya jimbo lile lile la Louisiana. Alikuwa mjane, mtu wa familia yenye mashamba. Hakuwa maskini, na pesa ya kulipa nafasi nzuri alikuwa nayo. Aliomba nafasi katika kabini ya wanawake, sehemu nzuri ya meli. Wakamkatalia: ile ni ya wazungu. Wakamwonyesha sehemu ya watu weusi. Yeye akakataa kuteremka kule. Alipitisha usiku akiwa amekaa juu ya kiti, nyuma ya kabini.

Kisha akawapeleka mahakamani. Na mukumbuke, sheria ilikuwa upande wake! Utumwa ulikuwa umekwisha, na tangu 1869 Louisiana ilikuwa na sheria inayokataza kuwabagua wasafiri kwa sababu ya rangi. Mahakama za jimbo zilimpa haki, na dola 1,000 za fidia. Lakini kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka wa 1878 ile hukumu ikavunjwa. Walisema nini? Kwamba meli inayopita kutoka jimbo moja mpaka lingine ni jambo la biashara ya nchi nzima, kwa hiyo jimbo moja haliwezi kuiwekea sheria kama hiyo. Munaona? Hawakusema hadharani kwamba mwanamke mweusi hastahili kabini. Walitumia tu lugha safi ya biashara. Wale wa Kitivo cha Sheria, hiyo kesi muitafute, inaitwa Hall v. DeCuir. Miaka 18 nyuma yake, katika 1896, mahakama ile ile ilikubali ubaguzi kabisa katika kesi ya Homer Plessy, naye mtu wa New Orleans, safari hii juu ya treni.

Sasa tuje kwenye muziki. Mwanzo wa karne ya 20, treni zilikuwa zimekwisha kuzinyanganya meli kazi ya kubeba mizigo na watu. Wenye meli walitafuta njia ya kuishi. Familia ya Streckfus ndiyo ilifanya biashara kubwa ya kuuza mangaribi: watu wanapanda, wanacheza dansi, wanakula, wanazunguka juu ya mto na wanarudishwa pale pale walipotoka. Mutu analipia muziki na upepo, hana haja ya kufika mahali. Zile safari za leo zinatoka katika biashara hiyo.

Mwenye kuongoza muziki wao alikuwa Fate Marable, mpiga piano mweusi aliyeanza kazi kwao 1907. Mwaka wa 1918 alikusanya wanamuziki weusi wa New Orleans kwa meli Sidney. Katika orkestra yake aliingia kijana mmoja aliyezaliwa 1901 katika umaskini mkubwa wa mji ule, aliyejifunza kupiga korneti katika nyumba ya kurekebishia watoto: Louis Armstrong. Alikaa katika zile meli mpaka 1921. Ni pale alipojifunza vizuri kusoma nota, akifundishwa na mwenzake David Jones. Wanamuziki wenyewe walikuwa wanasema kwamba kuingia kwa Marable ni kama kuingia konservatwari. Kwa hiyo ile meli ilikuwa universite yao. Na kazi ilikuwa ngumu. Wakubwa wa kampuni walikuwa wanasimamia mpaka mwendo wa midundo, ili wacheza dansi wasichoke na wasilale.

Lakini munajua nani alikuwa anacheza dansi? Wazungu. Wanamuziki weusi walikuwa jukwaani, wanasikilizwa, wanasifiwa, lakini kuteremka kukaa kati ya wageni na kula pamoja nao, hapana. Katika mji wa St. Louis, ambako meli zilikuwa zinafanya kazi wakati wa joto, waliwapa watu weusi usiku mmoja wa juma: siku ya kwanza. Siku moja tu, na wanamuziki walisema ndiyo ile waliyoifurahia zaidi. Meli ni moja, orkestra ni moja, mto ni mmoja, lakini kalenda ilikuwa imegawanywa kwa rangi.

Wengine watasema: hayo ni ya Marekani. Kweli? Waulizeni wazee wetu wa Kisangani na Kinshasa namna watu walivyosafiri juu ya Fleuve wakati wa Wabelgiji. Mzungu alikuwa juu, katika kabini, na mezani. Mwafrika alikuwa chini au juu ya barji, na chungu chake na kuni zake. Tangu 1948 kukawa na karti ya watu "wastaarabu", kisha 1952 karti ya kuandikishwa, ambayo ili uipate mkaguzi anaweza kuingia nyumbani kwako kuona munakula namna gani. Kukaa mezani, kwetu pia, kulikuwa mtihani wenye kusahihishwa na mtu mwingine.

Na sasa ndiyo tunarudi nyumbani. Babu yangu alikuwa karani hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville. Alikuwa anapenda kutuambia kwamba alikuwa hapa wakati "Satchmo" alikuja. Satchmo ni jina la mchezo la Armstrong. Babu hakuingia kumwona. Alikuwa anasema tu: "Mji mzima ulikuwa unaongea juu yake." Sisi watoto tulidhani babu anaongeza chumvi.

Haikuwa chumvi. Armstrong alifika Leopoldville tarehe 28 mwezi wa 10, 1960, katika safari iliyopangwa na serikali ya Marekani. Watu walimbeba juu juu kwenye kiti kama mfalme. Mwezi wa 11 akaja huku Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga tangu tarehe 11 mwezi wa 7, na Marekani haikuwa inaitambua hadharani. Lakini mwanamuziki akienda kupiga, wakubwa wa ubalozi wanaweza kumsindikiza, na pale wanaonana na watu wa Tshombe bila kuandika barua yoyote. Mwanahistoria Susan Williams ameeleza mambo hayo katika kitabu chake White Malice cha 2021. Ameeleza pia chakula kimoja cha mangaribi kule Leopoldville. Armstrong na mke wake walikaa mezani na mtu aliyejulikana kama mfanyakazi wa ubalozi. Jina lake Larry Devlin. Armstrong hakujua kwamba huyo ndiye mkubwa wa CIA katika Kongo nzima.

Katika majuma yale yale, Lumumba alikuwa amefungiwa katika nyumba yake, askari wamemzunguka. Alitoroka tarehe 27 mwezi wa 11, akakamatwa upande wa mto Sankuru, na tarehe 17 mwezi wa 1, 1961, wakamuua karibu na mji huu wetu.

Simlaumu Armstrong, na nisingependa mumlaumu. Mwaka wa 1956 Louisiana iliweka sheria iliyokataza wazungu na weusi kupiga muziki pamoja. Yeye alikuwa na orkestra ya mchanganyiko, akakataa kupiga katika mji wake wa kuzaliwa mpaka 1965. Miaka 9! Ile meza aliikataa kwa sababu alikuwa anaijua vizuri, alikulia karibu nayo. Ile ya Leopoldville hakuijua. Alialikwa kwa heshima, akakaribishwa vizuri, akala.

Hapo ndipo nilifikiri juu yetu. Sisi wenye diplome tunaishi tukingojea mwaliko. Semina katika hoteli, staji ya nje, mradi fulani unakutafuta kijana wa kuongea kwa jina la vijana. Tukiitwa tunafurahi, tunavaa shati nyeupe, tunapiga picha. Mama DeCuir alijua kwamba amefukuzwa, ndiyo maana aliweza kushtaki. Wale wa orkestra ya Marable walijua kwamba wanatumiwa, na walitumia ile nafasi kujifunza. Mtu aliyekaribishwa vizuri ndiye anasahau kuuliza nani amelipia chakula, na juu ya nini. Hata mimi, ile tiketi ya Natchez nililipiwa. Wenzangu walikuwa watu wema na sina shaka nao. Lakini mpaka leo ninaona haya kidogo kwamba swali lenyewe halikunipita kichwani mpaka pale mtu aliponiwekea glasi mkononi.

Meli iligeuka na kurudi gizani, taa za mji zikianza kuonekana juu ya maji. Orkestra ilipumzika. Mpiga tarumbeta, mzee mweusi, alikuja kwenye kaunta kuomba maji, akasimama karibu nami. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kongo. Akatabasamu, akaniambia kwamba kule mjini kuna uwanja unaoitwa Congo Square, ambapo zamani watumwa walikuwa wanakusanyika siku ya mungu kupiga ngoma, nisiondoke bila kuufikia. Kisha akauliza kama kwetu Armstrong anajulikana.

Nilimjibu kwamba babu yangu alikuwa mjini siku aliyokuja. Hakuniamini mara moja. Nikamweleza kidogo, jukwaani wakamwita, akakimbia na glasi yake ya maji.

Kesho yake nilienda Congo Square. Na niliporudi Lubumbashi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwa mama yangu kumuuliza babu alikuwa anaongea nini zaidi juu ya mwaka ule. Anakumbuka kidogo tu. Kama wewe bado uko na babu au bibi, usingoje mpaka ufike New Orleans ndiyo umuulize.