Sanamu na Moyo wa Mwenye Kuabudu



Neno sanamu katika lugha yetu limebeba mizigo miwili. Mtoto achoraye ng'ombe ubaoni amefanya sanamu ya ng'ombe. Na mtu asujuduye mbele ya gogo la kuchongwa, huyo naye twasema aabudu sanamu. Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, na huko maana yake hasa ni kitu kiabudiwacho badala ya Mungu. Basi si ajabu wanafunzi wetu wakituuliza: Ikiwa amri yakataza sanamu ya kuchonga, mbona picha ya Bwana Yesu imetundikwa ukutani? Swali hili si la kitoto. Kwa ajili yake Wakristo waliteta zaidi ya miaka 100, na wengine walifungwa na kufukuzwa katika nchi zao.

Kwanza na tumtazame Hezekia, mfalme wa Yuda, katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Palikuwapo nyoka wa shaba, yule aliyefanywa na Musa jangwani kwa amri ya Mungu, ili watu walioumwa na nyoka wamtazame wakapone. Lakini baada ya vizazi vingi watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Hezekia akamvunja vipande vipande. Shaba ilikuwa ni ile ile ya siku za Musa. Kilichobadilika ni mioyo ya watu. Kitu kilichoanza kwa amri ya Mungu chaweza kuwa sanamu mwishoni.

Sasa twende Konstantinopoli, mji mkuu wa Dola ya Rumi ya Mashariki, ambao siku hizi ni Istanbul. Mwaka 730 Kaisari Leo III alipiga marufuku picha takatifu. Germano, askofu mkuu wa mji ule, alikataa kukubali, akaondoka katika kiti chake. Mwanawe Leo, Konstantino V, aliwakutanisha maaskofu 338 huko Hieria mwaka 754. Hoja yao ilikuwa nzito: mwenye kumchora Kristo ama adai kuuzungushia Uungu mpaka kwa rangi na ubao, ama autenge ubinadamu wake na Uungu wake, na yote mawili ni kosa.

Aliyekwisha kutoa jibu lenye nguvu ni Yohana wa Dameski, mtawa aliyekaa katika nchi iliyotawaliwa na Makhalifa, ambako mkono wa Kaisari haukuweza kumfikia. Alisema kwamba zamani Mungu asiyeonekana hakuweza kuchorwa. Lakini alipotwaa mwili akaonekana na watu, sura yake yaweza kuchorwa. Wala Mkristo haabudu mti na rangi, bali amwabudu yeye aliyeviumba.

Mwaka 787, zamani za Malkia Irene, mtaguso wa pili wa Nikea ulikata shauri. Ibada ni ya Mungu peke yake. Picha hupewa heshima tu, na heshima hiyo hupita ikamfikia yule aliyechorwa. Ugomvi ukazuka tena mwaka 815, hata Malkia Theodora alipozirudisha picha mwaka 843.

Katika habari hii limo jambo moja la kutufaa sisi tufundishao lugha. Wagiriki walikuwa na maneno mawili, moja la ibada na moja la heshima. Maamuzi ya Nikea yalipofasiriwa vibaya kwa Kilatini, tofauti ile ikapotea, na wasomi wa Mfalme Karolo Mkuu wakadhani Wagiriki wameamuru picha ziabudiwe kama Mungu. Maaskofu wakakutana Frankfurt mwaka 794, wakayakataa. Hivyo neno moja lililofasiriwa ovyo liliwagombanisha ndugu.

Ugomvi huo uliamka tena Ulaya katika karne ya 16. Mjini Zurich sanamu ziliondolewa makanisani mwaka 1524. Wamisionari waliokuja kwetu walileta pande zote mbili katika mizigo yao. Ndiyo sababu kijiji kimoja kina kanisa lenye sanamu za watakatifu, na cha pili kina kanisa lenye kuta tupu, na watoto wa vijiji hivyo huchekana njiani.

Basi kuabudu sanamu ni nini? Ni kumpa kiumbe tumaini na utii umpasao Muumba. Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Si kila kinyago cha wazee wetu kilikuwa mungu kwao, wala si kila apigaye goti mbele ya picha aiabudu. Yatupasa kumwuliza mtu kwanza: Watumaini nini?

Tena swali hilo laturudia wenyewe. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, aliita tamaa ya mali kuwa ni ibada ya sanamu. Mtu aweza kukaa katika nyumba isiyo na picha hata moja, naye kila jioni akahesabu fedha zake kwa kicho ambacho hampi Mungu wake. Sanamu ya namna hiyo haivunjwi kwa nyundo ya Hezekia. Mwenyewe ndiye awezaye kuitoa moyoni mwake, kwa msaada wa Mungu.