Chipmanki wa Sierra Nevada

Chipmanki wa Sierra Nevada ni wagugunaji wadogo wa familia ya kindi (Sciuridae) wanaoishi katika safu ya milima ya Sierra Nevada, hasa jimboni California, Marekani. Kuna takriban spishi 25 za chipmanki duniani, zote za Amerika ya Kaskazini isipokuwa moja ya Asia.

Hutambulika kwa milia ya mgongoni na usoni. Milia ya usoni ndiyo ya kuangalia: katika milima hiyohiyo yupo kindi wa ardhini mwenye milia ubavuni lakini si usoni, na wageni wengi humdhania kuwa chipmanki.

Jina la kisayansi Tamias latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mtunza ghala, nalo linawafaa. Hubeba mbegu katika mifuko ya mashavu, wakazifukia ardhini au kuziweka shimoni. Wakati wa baridi joto la mwili hushuka na moyo hupiga polepole, lakini baada ya siku kadhaa mnyama huamka, hula akiba yake, kisha hulala tena. Mbegu zilizofukiwa bila kurudiwa huweza kuota. Misonobari ya Jeffrey huenezwa sana kwa njia hii.

Spishi hugawana mlima kwa kimo. Tamias alpinus, mwenye uzito wa gramu 30 hadi 45 hivi, hukaa juu kwenye mawe, karibu na mwisho wa miti. Tamias speciosus hukaa chini yake, msituni.

Mgawanyo huo unajulikana vizuri kwa sababu miaka ya 1914-1920 Joseph Grinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitega mitego eneo la Yosemite na kuandika kimo cha kila mahali walipokamata wanyama. Watafiti wa chuo hicho walirudia kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 21. Walikuta mpaka wa chini wa T. alpinus umepanda kwa zaidi ya mita 500, jambo wanalolihusisha na kuongezeka kwa joto. T. speciosus hakusogea sana, lakini Tamias senex alikuwa ameadimika.

Kwa T. alpinus nafasi ya kupanda zaidi ni ndogo, maana juu yake kuna vilele tu. Vikundi vyake sasa vimetengana zaidi, na uanuwai wake wa kijenetiki umepungua ukilinganishwa na vielelezo vya wakati wa Grinnell vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Berkeley.