Borgund: Kanisa la mbao lililoinuliwa juu ya mawe

Ukisikia kwamba jengo la mbao limesimama zaidi ya miaka 800 katika nchi ya mvua na theluji, ni rahisi kudhani kuwa siri yake ni mbao za ajabu. Kanisa la Borgund, lililoko Lærdal magharibi mwa Norwei, ni jengo la namna hiyo. Lilijengwa karibu na mwaka 1180 na kuwekwa chini ya jina la Mtume Andrea. Lakini mbao zake ni za msonobari, mti wa kawaida kabisa katika nchi ile, na msonobari ukifukiwa ardhini huoza kama mti mwingine wowote. Nashikilia kwamba kilicholiokoa Borgund si ubora wa mti. Ni mafundi walioacha kuchimbia nguzo ardhini, na watu waliokubali kuendelea kulihudumia jengo muda mrefu baada ya mafundi hao kufa.

Ushahidi wa kwanza uko chini ya makanisa yenyewe. Wanaakiolojia walipochimba chini ya makanisa mengine ya mbao ya Norwei, la Urnes na la Lom, walikuta mashimo ya nguzo za makanisa yaliyotangulia. Wajenzi wa kale walichimba shimo wakasimika nguzo humo. Unyevu ukapanda, na nguzo ikaanza kulika kutoka chini. Waliokuja baadaye walibadili msingi. Huko Borgund walipanga mawe kwanza, wakalaza juu yake boriti nene zinazopishana, kisha wakasimamisha nguzo juu ya boriti hizo, hewa ikipita chini yake. Ukuta ni wa mbao zilizosimama wima, kitako cha kila ubao kikiwa kimeingia katika mfereji uliochongwa kwenye boriti ya chini, na ubavu wake ukishikana na ubao jirani. Ndani, nguzo zinaunganishwa kwa mbao zilizopishana kama herufi X. Penye pembe kuna viungo vilivyopinda, na mafundi walivichonga kutoka pale shina la mti linapokutana na mzizi, ili nyuzi za mti zifuate mpindo wenyewe bila kukatwa. Maungio mengi yamekazwa kwa vigingi vya mti. Wageni hupenda kupiga picha vichwa vya joka vilivyoko kwenye ncha za paa, na kweli vinapendeza, lakini ningewaomba wainame kidogo watazame baraza iliyofunikwa inayolizunguka kanisa. Hiyo ndiyo inayozuia mvua isifike mahali ukuta unapokutana na boriti, yaani mahali ambapo uozo ungeanzia.

Kuna pingamizi zito. Inakadiriwa kwamba Norwei ilikuwa na makanisa ya aina hii zaidi ya 1,000, na leo yamebaki 28 tu. Je, hesabu hiyo haionyeshi kwamba mbao zilishindwa? Ingeonyesha hivyo kama mengi yangeanguka yenyewe. Lakini tauni ya mwaka 1349 iliacha mabonde mengi bila watu, na kanisa lisilo na waumini halina wa kuziba paa. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1851, iliyotaka kila kanisa liweze kuchukua sehemu tatu za kumi za watu wa usharika wake. Makanisa ya zamani yalikuwa madogo, na mengi yaliyokuwa bado imara yalibomolewa. Borgund yenyewe ilipata kanisa jipya jirani mwaka 1868, na huenda lile la zamani lingefuata njia hiyo hiyo kama chama cha kuhifadhi majengo ya kale, kilichoanzishwa mwaka 1844, kisingelichukua mwaka 1877. Hata kanisa la mbao la Vang halikuanguka: liliuzwa mwaka 1841 kwa juhudi za mchoraji J. C. Dahl, likanunuliwa na mfalme wa Prussia, likafunguliwa vipande na kujengwa upya Silesia. Liko Karpacz, Poland, hadi leo.

Wengine husema yaliyobaki yalibaki kwa sababu sharika zake zilikuwa maskini, zisiweze kujenga jipya. Nakubali kwa sehemu. Umaskini unaweza kumzuia mtu asibomoe, lakini hauwezi kuzuia maji. Aliyezuia maji ni mwanakijiji aliyepanda juu na lami nyeusi inayopatikana kwa kuchoma taratibu mizizi na visiki vya msonobari, akapaka vigae vya mbao na kuta, kisha akarudia baada ya miaka michache kwa kuwa jua huikausha. Hapo hujibiwa pia wanaolalamika kwamba mbao kadhaa zimebadilishwa na hivyo kanisa si lile lile. Jengo hili tangu mwanzo liliundwa liweze kutengenezwa: ubao uliooza hutolewa, mwingine huchongwa kwa mkono na kuingizwa, na maungio hubaki yale yale. Serikali ya Norwei iliyakarabati makanisa yote 28 kwa njia hiyo katika mpango ulioendelea kuanzia 2001 hadi 2015.

Hatari ambayo msingi wa mawe hauwezi kuizuia ni moto. Kanisa la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa kwa makusudi Juni 1992, na linaloonekana pale leo ni nakala. Ndiyo maana fedha za ulinzi wa moto zinapaswa kuhesabiwa kuwa matengenezo ya lazima, sawa kabisa na fedha za lami.