Chale za bibi na chale za chuo kikuu

Nilikuwa nyumbani Kisaki. Nilikwenda kwa treni ya TAZARA kumzika bibi yangu.

Bibi alikuwa Mmakonde wa Newala. Alifika Kisaki akimfuata babu, aliyekuwa kibarua wa ujenzi wa reli hiyo kati ya mwaka 1970 na 1975. Usoni alikuwa na chale. Nilipokuwa nasoma Morogoro mjini, kila alipokuja kuniona nilimuwahi getini ili wenzangu wasimwone. Kuandika hivi kunauma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nisikilizeni. Karne ya 19, vyuo vikuu vya Ujerumani kama Heidelberg, Bonn na Göttingen vilikuwa na vilabu vya wanafunzi vya kupigana kwa vitara. Msidhani ni mchezo huu wa Olimpiki wenye kofia ya wavu. Vijana wawili walisimama karibu karibu, macho yamekingwa kwa miwani ya chuma, shingo na mkono vimefungwa vitambaa vinene, mashavu na kichwa viko wazi. Kukwepa au kurudi nyuma ni aibu. Hakuna anayetafuta ushindi; sifa ni kusimama imara unapochanwa. Daktari yuko pembeni, anashona. Mwandishi wa Kimarekani Mark Twain aliwashuhudia Heidelberg mwaka 1878, akawaandika.

Kovu la shavuni likawa kama shahada ya pili. Kila mtu alijua huyu ni msomi, tena wa familia nzuri. Inasimuliwa kwamba wengine walichokoa kidonda makusudi ili kovu lionekane vizuri!

Na hawakuwa watu wadogo. Otto von Bismarck aliingia klabu ya Hannovera, Göttingen, mwaka 1832. Wilhelm wa Pili, kabla hajawa Kaizari mwaka 1888, alikuwa mwanachama wa Borussia, Bonn. Wanafunzi Wayahudi walipobaguliwa, mwaka 1886 wengine waliunda klabu yao, Viadrina, huko Breslau, ili watukanwapo wajibu kwa kitara.

Vilabu hivyo vinatuhusu nini sisi? Februari 1885, Bismarck akiwa Kansela, Ujerumani ilimpa Carl Peters na wenzake hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ukami ndiyo Morogoro yetu. Wakaja kutuambia sisi ni washenzi, wakati kwao msomi alijulikana kwa shavu lililochanjwa.

Septemba 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilipigana na Wajerumani hapo hapo Kisaki, penye ghala lao la vita. Mbele ya bunduki za rashasha, ukisimama wima bila kukwepa huipati ile sifa ya Heidelberg. Unazikwa.

Wanazi walivivunja vilabu hivyo katikati ya miaka ya 1930, lakini baada ya vita vilifufuka, na vingine vipo hadi leo.

Jamani, kijana akichanjwa Heidelberg ni msomi. Binti akichanjwa Newala ni mshamba. Nani alitufundisha hesabu hiyo, na mimi niliikubali vipi hadi nikamficha bibi yangu?

Picha yake nimeitundika sebuleni, uso wote unaonekana. Nimechelewa, lakini imo.

Tafakarini. Tuonane tena.