Njia ya Waliorudi Vitani

Kutoka ufukwe wa Forodhani hadi Chapwani, boti ya mashine haichukui nusu saa. Nahodha aliisogeza mchangani, akaninyooshea mkono kwenye miti: "Makaburi yako kule." Nilipita chini ya popo wanaoning'inia mchana kutwa, nikafika penye mawe ya Waingereza. Hapa wamezikwa mabaharia 24 wa manowari Pegasus.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mashine zake zimefunguliwa zikitengenezwa. Königsberg ya Wajerumani ikatokea upande wa Rufiji, ikasimama mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikufika, ikaanza kupiga. Waliokufa ni 38. Watu wa Malindi na Shangani waliamka kwa kishindo hicho, na wenye umri miongoni mwao walikuwa wamekwishakisikia kingine kama hicho, tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga kasri la Sayyid Khalid bin Barghash kwa muda usiotimia saa moja.

Sikuja Chapwani kwa ajili ya waliokufa. Hao wana mawe yao. Nilikuwa natafuta njia ya wale waliokwenda vitani wakarudi hai, wakashuka bandarini, wakatembea hadi makwao, na usiku wa kwanza wakashindwa kulala. Chapwani palikuwa pa kuanzia tu, kwa kuwa mizinga ile ndiyo iliyoileta vita kuu ya kwanza mlangoni mwa Unguja.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja Kariakoo. Kila mtoto wa Unguja anaijua Kariakoo kwa bembea na nguo mpya za Idi. Jina lenyewe, sawa na la sokoni Dar es Salaam, ni Carrier Corps iliyopita katika vinywa vyetu: jeshi la wapagazi. Waingereza waliwakusanya wanaume wa Afrika Mashariki wakawatwika risasi na chakula cha askari, wakawapitisha mabondeni na milimani wakimfuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Zaidi ya 90,000 hawakurudi. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa na njaa. Askari wa Unguja nao wakaingizwa katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles (KAR) mwaka 1917, wakawa sehemu ya batalioni ya 7.

Na waliorudi walirudi na nini? Walirudi na beni, ngoma ya matarumbeta na kwata iliyokuwapo mwambao tangu kabla ya vita, ambayo askari na wapagazi waliisambaza kote walikopita. Ina vyeo vyake, ina gwaride lake. Leo beni inapita mbele ya harusi zetu, wanawake wakicheza barabarani, tarumbeta likilia. Mimi huiona ile kwata na kuwaza kwamba huenda ndiyo njia pekee waliyoruhusiwa kusema walichokiona: kukicheza. Mpagazi aliyemwacha mwenzake chini ya mti angali hai hakuwa na baraza la kulisema hilo.

Ng'ambo ya pili ya Mnazi Mmoja, kuba jeupe la Beit el Amani linaonekana kutoka mbali. John Sinclair, yule yule aliyeuchorea mji majengo mengi ya serikali ya kikoloni, alilichora liwe ukumbusho wa kumalizika kwa vita, likafunguliwa mwaka 1925. Nyumba ya Amani. Nililizunguka mara mbili jua likishuka. Ni jengo zuri, nakiri, lakini amani iliyoadhimishwa hapa ni ya mikataba. Miaka kumi kabla ya kufunguliwa kwake, mwaka 1915, daktari Charles Myers alikuwa ameandika katika jarida la Lancet juu ya askari wa Kiingereza ambao mabomu yalipasuka karibu yao wakapoteza kumbukumbu, kuona na kunusa, ingawa miilini hawakuwa na jeraha. Wazungu wakapata neno la jambo hilo, na hospitali zikafuata. Mpagazi wa Unguja hakupata neno wala hospitali. Huku ilisemwa kaingiwa, au karogwa, au yuko vile tu tangu arudi.

Mtu aliyetusaidia zaidi kumwona mwanajeshi aliyerudi alizaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1948, akaondoka ujanani kwenda Uingereza: Abdulrazak Gurnah. Katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, Hamza anarudi kwenye mji wa pwani akichechemea, baada ya kuwatumikia Wajerumani. Anatafuta kazi na pa kulala. Ya vitani anamfungulia mkewe Afiya, tena kidogo kidogo. Kilichonikaa moyoni zaidi ni mtoto wao, ambaye hakuiona vita na bado sauti zinamjia, hata mganga anaitwa nyumbani. Gurnah amelijua jambo ambalo familia nyingi za pwani zinalijua na hazilisemi, kwamba vita visivyozungumzwa na baba huhamia kwa mtoto.

Lipo tukio jingine, la mwaka 1964. Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wake wa zamani wa Afrika Mashariki malimbikizo ya mishahara yao ya vita kuu ya kwanza. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee kama 350, wachache wakiwa na vyeti. Ili kuwapima, mjumbe wa benki akawapa ufagio mmoja mmoja badala ya bunduki, akawatolea amri za kwata kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Watu hukisimulia kisa hiki wakicheka. Mimi hunitia simanzi. Miaka 46 imepita tangu vita viishe, mzee ana wajukuu, pengine jina la jirani limeshamtoka, lakini neno moja la amri linausimamisha mwili wake wima. Kama mikono imekumbuka ufagio, masikio je? Ndoto je?

Nilikuwa nimelibeba swali hilo nilipofika kwenye baraza moja ya Ng'ambo. Mzee niliyemtaka hapakuwa na haja ya kumtafuta mbali. Mtaa mzima unamjua kwa ukimya wake. Alikwenda Kagera na JWTZ, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, akaendelea hadi Lukaya na Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Nilikaa. Kahawa ililetwa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayekinga taa na upepo. Nilimuuliza habari za Lukaya, akaitazama barabara kwa muda. "Kinamasi," alisema. "Nilivua buti siku ya kumi na moja. Soksi ikatoka na ngozi." Kisha akauliza kama kahawa imenitosha.

Mengine nimeyapata kwa mkewe, ukumbini, baada ya mzee kwenda msikitini. Mwaka wa kwanza baada ya kurudi alikuwa akiamka usiku na kukaa chini, mgongo ukutani, uso mlangoni. Ndugu wakampeleka kwa mwalimu. Akaandikiwa kombe kwa zafarani, akalinywa, akafukizwa ubani, akasomewa. Akalala siku mbili. Sitaki mtu alibeze kombe lile. Kwa siku mbili watu walimzunguka, wakamshika mkono, wakamwombea, na hilo ni tiba. Lakini hakuna aliyemuuliza Uganda kulikuwaje. Nchi ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda miezi 18, kila nyumba ikahangaika na sukari na sabuni, na mzee akaona aibu kulalamika hali amerudi na miguu yake yote miwili.

"Miaka yote hiyo," bibi aliniambia, "usiku wa Mapinduzi halali kitandani." Tarehe 11 Januari, ikigonga saa sita ya usiku, fataki hurushwa mjini na watoto hukimbilia nje kushangilia. Yeye huingia chumba cha ndani, kisicho na dirisha, akakaa sakafuni na tasbihi. Bibi hukaa naye. Hawasemezani.

Madaktari wa Marekani waliupa ugonjwa huu jina rasmi mwaka 1980, kwa sababu ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Ni mwaka mmoja tu baada ya mzee wetu kurudi. Kwa Kiswahili tunalo neno kiwewe, neno zuri na la zamani, na linatosha kabisa kama tutalitumia bila kuona haya. Unguja tunayo hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu pia, ila jina lake tumeligeuza tusi. Mtu akikasirika kidogo huambiwa apelekwe Kidongo Chekundu. Askari gani atakwenda kwa miguu yake mahali ambapo watoto wa skuli wanapatania?

Na njia hii haijafungwa. Tarehe 7 Desemba 2017 waasi waliivamia kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Askari 15 wa Tanzania waliuawa, baadhi yao wakiwa vijana wa Zanzibar, na makumi wakajeruhiwa. Majeneza tuliyapokea kwa heshima, na ilistahili. Waliobaki hai nao wamerudi, wako madukani, kwenye daladala, kwenye safu za swala pamoja nasi. Nawaomba viongozi wa jeshi na wa afya wasisubiri vijana hao wafike wenyewe mlango wa hospitali. Wafuatwe makwao, na wake zao waulizwe, kwa kuwa wao ndio wanaoujua usiku.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yumo aliyetoka Kagera, kijana wa wakati ule sasa amekwishavuka miaka 60. Tarehe 11 Januari, kabla ya saa sita, mwendee. Kaa naye chumba cha ndani. Akianza kusema, zima redio, usimkatize.