Neno "Dawa" na Historia ya Shaka katika Mbio za Marathoni

Tarehe 12 Agosti 2012 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi huko Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. Watu walikuwa wamejazana katika duka moja la sokoni lenye televisheni, kwa kuwa kijana wetu, Stephen Kiprotich, alikuwa akikimbia marathoni ya Olimpiki mjini London. Zilipobaki kilomita tano hivi aliwaacha Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang, akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Wazee walilia. Mimi nililia kwa sababu wazee walikuwa wakilia.

Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 13 Oktoba 2024, nilikuwa bwenini nikitazama kwenye simu mbio za Chicago. Ruth Chepngetich wa Kenya alimaliza kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10. Sisi Wasabiny wa Mlima Elgon tunahesabiwa miongoni mwa jamii za Kalenjin, kwa hiyo nilijiona kama aliyeshindiwa na dada. Kabla sijamaliza kufurahi, mwenzangu wa chumba aliniuliza, "Na huyu amekunywa nini?" Sikuwa na jibu.

Insha hii ni jibu langu lililochelewa. Ninakusudia kuonyesha kwamba shaka katika marathoni haikuzaliwa na wivu wa watazamaji. Ilikua kwa sababu, mara kwa mara, waliojua ukweli walinyamaza, na gharama ya ukimya huo wakalipa wanariadha wengine.

Nianze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, dawa ni kitu kinachoponya. Lakini tunayo pia dawa ya mbu, ambayo huua, na dawa za kulevya, ambazo huharibu. Na methali husema dawa ya moto ni moto. Neno hili halituambii kama kitu ni chema au kibaya, bali matumizi ndiyo yanayotuambia. Watangazaji wetu wa redio huita kila kitu kilichokatazwa michezoni "dawa za kusisimua misuli". Katika marathoni jina hilo hupotosha. EPO, inayotajwa katika kesi nyingi za mbio hizi, haisisimui msuli wowote. Ni homoni ambayo figo hutengeneza ili kuuagiza uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. EPO ya maabara ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo waliopungukiwa na damu. Mgonjwa na mdanganyifu huchomwa sindano ileile.

Tukirudi mwanzoni mwa karne ya 20, tunakuta kwamba dawa hazikufichwa hata kidogo. Tarehe 30 Agosti 1904, katika Olimpiki ya St. Louis, Marekani, wakimbiaji 32 walianza marathoni katika joto na vumbi, wakamaliza 14. Wa kwanza kufika, Fred Lorz, alinyimwa ushindi ilipobainika kuwa sehemu ya njia alipanda gari. Ushindi akapewa Thomas Hicks. Huyu naye, alipokuwa akilegea njiani, wasaidizi wake walimpa strikinini, ambayo kwa kiasi kikubwa ni sumu ya kuua, wakaichanganya na ute wa yai, na baadaye wakamwongezea brandi. Mmoja wao aliandika habari hiyo waziwazi, akiiona kuwa ushahidi kwamba dawa humfaa mkimbiaji. Kanuni ya kukataza haikuwapo. Palipokosekana katazo hapakuwa na siri, na pasipo siri hapakuwa na shaka.

Shirikisho la kimataifa la riadha lilikataza dawa mwaka 1928, lakini upimaji katika Olimpiki ulianza mwaka 1968 tu. Kwa miaka arobaini, basi, katazo lilikuwapo bila kipimo. Hapo ndipo shaka ilipopata makao.

Mfano ulio wazi ni wa Montreal, mwaka 1976. Mmarekani Frank Shorter, bingwa wa mwaka 1972, alishindwa na Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki, aliyekimbia kwa saa 2:09:55. Cierpinski alishinda tena Moscow mwaka 1980. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, nyaraka za dola ile zilifunguliwa, zikaonyesha mpango wa serikali wa kuwapa wanariadha dawa, na jina la Cierpinski likahusishwa nao. Hata hivyo, hakuna kipimo chake kilichowahi kuonyesha kosa, hajahukumiwa, na medali zake ziko palepale. Shorter alikuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa wakala wa Marekani wa kupambana na dawa michezoni mwaka 2000. Karibu nusu karne imepita na swali la Montreal halijafungwa. Kama Cierpinski alidanganya, Shorter aliibiwa. Kama hakudanganya, yeye ndiye aliyeibiwa jina. Waliojua walikuwa maofisa wa nchi ambayo leo haipo.

EPO ilipoingia, jambo lilizidi kuwa gumu. Kipimo cha kuitambua kilitumika katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000, ilhali dawa yenyewe ilikuwa hospitalini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Zaidi ya hayo, kwa mtu anayeishi mahali pa juu kama Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi huufanya mwili uzalishe EPO yake zaidi. Mlima hufanya polepole kile ambacho sindano hufanya haraka. Ndiyo maana shaka huwaangukia watu wa milimani kwa urahisi. Kuanzia mwaka 2009, Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Michezoni (WADA) limetumia pasipoti ya kibayolojia, yaani kumbukumbu ya damu ya mwanariadha kwa miaka kadhaa. Pasipoti hii haimlinganishi mtu na jirani yake. Humlinganisha na yeye mwenyewe.

Chombo hiki kimewanasa wengi, lakini historia yake ina mafunzo mawili yanayopingana. La kwanza ni la Mwingereza Paula Radcliffe, aliyeshikilia rekodi ya wanawake ya 2:15:25 tangu mwaka 2003. Mwaka 2015 takwimu za damu za wanariadha wengi zilivuja, na maneno yaliyosemwa katika kamati ya Bunge la Uingereza yakafanya watu wamnyooshee kidole. Alikana, na shirikisho la kimataifa likatamka kwamba tuhuma hizo hazikuwa na msingi. Kumbe takwimu pekee, bila kujua mtu alipimwa wapi na katika hali gani, zinaweza kumchafua mtu.

Funzo la pili ni la Mrusi Liliya Shobukhova, mshindi wa Chicago mwaka 2009, 2010 na 2011, na London mwaka 2010. Pasipoti yake ilionyesha kasoro. Badala ya kuadhibiwa mara moja, alilipa yuro 450,000 ili kesi yake ifichwe, akaendelea kukimbia. Mwaka 2020 mahakama ya Paris ilimtia hatiani Lamine Diack, aliyekuwa rais wa shirikisho la kimataifa la riadha tangu 1999 hadi 2015, kwa rushwa iliyohusu kuficha kesi za Warusi. Mlinzi wa ghala ndiye aliyekuwa akiuza funguo. Baada ya hapo, nani angemlaumu mtazamaji kwa kutoamini?

Sasa nije kwa jirani zetu. Rita Jeptoo wa Kenya alishinda Boston mwezi Aprili 2014. Septemba mwaka uleule alipimwa nje ya mashindano akakutwa na EPO. Alifungiwa miaka miwili, na mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ikaifanya minne na kufuta matokeo yake kuanzia tarehe 17 Aprili 2014. Ushindi wa Boston ukahamia kwa Buzunesh Deba, Mhabeshi aliyekuwa akiishi New York, aliyemaliza wa pili kwa 2:19:59. Muda wake ukawa rekodi ya njia ile. Lakini siku ya mbio hakuna aliyemvika taji, na tofauti ya zawadi hakuipata. Mwaka 2024, miaka kumi baadaye, mpenzi mmoja wa riadha ndiye aliyempa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Tunapozungumza kuhusu dawa, kwa kawaida tunamtaja aliyezitumia. Mimi nadhani Deba ndiye wa kutajwa kwanza.

Olimpiki ya Rio mwaka 2016 ina kisa kizito zaidi. Jemima Sumgong aliipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya wanawake. Mapema mwaka uliofuata alikutwa na EPO, akafungiwa miaka minne. Kisha adhabu ikafikishwa miaka minane kwa sababu alitoa maelezo na hati za uongo kuhusu matibabu hospitalini. Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya aliyekimbilia Bahrain na kushika nafasi ya pili, naye alifungiwa kwa EPO mwaka 2019. Makosa yote mawili yalipatikana baada ya Rio, kwa hiyo medali hazikuondolewa. Mare Dibaba wa Ethiopia bado ana shaba. Kisheria ni sawa. Lakini mtu akisoma orodha ile leo, hawezi kuyatazama majina mawili ya juu kwa macho ya siku ile.

Ndivyo ilivyokuja kuwa kwa Chepngetich pia. Rekodi ya kabla yake, ya Tigst Assefa wa Ethiopia, ilikuwa 2:11:53. Kuipunguza kwa karibu dakika mbili kulishangaza dunia. Muda wake ulipitwa kwa sekunde moja tu na ule wa Cierpinski wa mwaka 1976. Mwandishi mmoja alimwuliza kuhusu dawa palepale Chicago, na wengi Kenya waliliona swali lile kuwa tusi. Julai 2025, Kitengo cha Uadilifu wa Riadha (AIU) kilitangaza kwamba mkojo wake wa tarehe 14 Machi 2025 ulikuwa na haidroklorothiazaidi. Hii ni dawa ya kuongeza mkojo ambayo wagonjwa wa presha hupewa. Michezoni imekatazwa kwa kuwa inaweza kutumiwa kuficha dawa nyingine. Baadaye alieleza kuwa alimeza vidonge vya mfanyakazi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 alifungiwa miaka mitatu. Matokeo ya kabla ya tarehe ile ya Machi hayakuguswa, na rekodi ya Chicago ingalimo vitabuni.

Bibi yangu humeza vidonge vya presha kila asubuhi. Hapo ndipo neno letu moja, dawa, linapotutaka tuwe waangalifu. Mwanafunzi wa historia anapaswa kutenga mambo matatu: shaka, ushahidi na hukumu. Mkojo wa Machi 2025 ni ushahidi wa Machi 2025. Hauthibitishi kilichotokea Chicago, na wala hauwezi tena kututuliza kuhusu Chicago. Methali husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ni onyo zuri, lakini haiwezi kuwa hakimu: kwa Radcliffe, lililosemwa halikuthibitika.

Je, kwa nini jambo hili litusumbue sisi wa Uganda? Kwa sababu samaki mmoja akioza huwanukisha wote, na mtazamaji wa mbali hajui mpaka wetu na Kenya uko wapi. Wakimbiaji wetu huvuka kwenda kufanya mazoezi huko. Kiprotich mwenyewe alifanya hivyo. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na dawa mwaka 2016, na mwaka 2022 ilinusurika kufungiwa kimataifa baada ya serikali kuahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano. Wakenya waliofungiwa wanapita 100. Baadhi ya watu huiona idadi hiyo kuwa aibu. Mimi naiona pia kuwa dalili kwamba mtu anapima. Aibu kubwa zaidi ilikuwa ya Ujerumani Mashariki, ambako serikali yenyewe ndiyo iliyogawa dawa na kuficha vipimo.

Nilipokuwa nikiandaa insha hii nilirudi kwenye matokeo ya siku ile ya utoto wangu. Kipsang, aliyepata shaba London, alifungiwa miaka minne mwaka 2020. Hakukutwa na dawa. Alikosa kupatikana kwa ajili ya vipimo na akatoa maelezo ya uongo. Hayo yalitokea miaka mingi baada ya London, na shaba yake imebaki. Kiprotich alikuwa mbele yake, na hakuna kesi inayomgusa. Hata hivyo, niligundua kwamba nilikuwa nimelitafuta jina la Kiprotich pia, nikisogeza ukurasa polepole, nikiogopa nitakachokuta. Sikukuta kitu. Nilipomsimulia mwenzangu wa chumba, aliniuliza kwa nini niliogopa ikiwa namwamini. Nilimwambia kwamba imani yangu haikuharibiwa na wakimbiaji peke yao. Iliharibiwa na wale waliokuwa na majibu wakayauza au wakayafungia kabatini, wakatuachia sisi kazi ya kukisia.