Mazoea Yaliyokoma: "Used to" na "Would" Ukingoni mwa Kreta

Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, pale magari ya watalii yanaposimama ili wageni watazame chini, kuna sentensi ya Kiingereza inayosemwa mara nyingi: "The Maasai used to live here." Kisarufi haina kosa lolote. Ukweli wake unategemea mkono wa mwongoza watalii umeelekea wapi. Akionyesha sakafu ya kreta, amesema kweli, kwani Wamaasai walikuwa na maboma huko chini mpaka serikali ilipowahamisha mwaka 1974. Akizungusha mkono kuonyesha Hifadhi nzima, amesema uongo bila kukusudia. Eneo hilo, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300, lilianzishwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja, na wafugaji bado wapo.

Walimu wa Kiingereza huiita mada hii "past habits and states". Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina istilahi tayari katika Kiswahili. Sarufi yetu inaijua hali ya mazoea, ile inayobebwa na kiambishi hu-: mvua hunyesha, ng'ombe hulamba chumvi. Ikivutwa nyuma inakuwa mazoea ya wakati uliopita, na hapo hapana ubishi. Ugumu uko kwenye sehemu ya pili. "State" kwa Kiswahili ni hali, lakini wanasarufi wamekwisha kulitumia neno hilohilo kwa namna tendo linavyokwenda: hali timilifu, hali ya kuendelea, hali ya mazoea yenyewe. Mwanafunzi wa Karatu, mji ulio jirani na Ngorongoro, akiandikiwa ubaoni "mazoea na hali za wakati uliopita" ana haki ya kuuliza ni hali ipi. Kwa maoni yangu tuseme hali ya kuwa, kwa maana ya mambo yasiyotendwa bali yaliyopo tu: kuishi mahali, kumiliki, kujua, kupenda, kuwa mrefu, kuwa mfugaji. Tofauti hii lazima ionekane kwenye jina, kwa sababu ndiyo inayoamua kati ya "used to" na "would".

"Used to" hubeba vyote viwili, mazoea na hali ya kuwa, na juu yake huongeza jambo la tatu: msikilizaji huelewa kwamba mambo hayo yamekwisha, isipokuwa msemaji amwambie kwamba bado yanaendelea. Ndiyo maana napenda kuiita mazoea yaliyokoma. Wairaqw wa nyanda za Mbulu walikuwa wakijenga nyumba zilizochimbiwa ndani ya mteremko, paa la udongo likilingana na kilima, ili wavamizi wa mifugo wasizione kwa urahisi. Leo Karatu, wanakoishi Wairaqw wengi, ni mji wa matofali na mabati, kwa hiyo "used to build" inakaa mahali pake. Lakini anayesema "the Hadzabe used to hunt" kandokando ya Ziwa Eyasi amekosea, maana wapo Wahadzabe wanaowinda kwa upinde na mshale mpaka sasa. Huyo anahitaji wakati uliopo wa kawaida, "hunt", ambao kwa Kiswahili ni huwinda.

"Would" ina mipaka yake. Inafaa kwa vitendo vilivyorudiwarudiwa, na inataka msikilizaji awe amekwisha kuwekwa kwenye kipindi husika. Baada ya kuhamishwa kutoka sakafuni, kwa miaka mingi wafugaji waliruhusiwa kuteremsha mifugo mchana na kuipandisha kabla ya giza, mpaka ruhusa hiyo nayo ilipoondolewa. Msimulizi mzuri wa Kiingereza angeanza na "used to" mara moja, kisha aendelee na "would": kila kiangazi walikuwa wakishuka, wanawanywesha ng'ombe, wanawaacha walambe chumvi ya ardhini, wanapanda tena. Kwa hali ya kuwa, hata hivyo, "would" haifai. "The Maasai would live in the crater" haimwambii Mwingereza kwamba waliishi huko. Atakachosikia ni kwamba wangeishi huko kama jambo fulani lingetokea.

Hapo ndipo sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunapojikwaa mara nyingi. Shuleni "would" hufundishwa kwanza kama -nge-, na picha hiyo haitoki kichwani. Kijana akisoma "they would take their cattle down" anatafsiri "wangeteremsha ng'ombe wao", na historia iliyotokea kweli inageuka kuwa jambo la kudhani. Mwalimu afundishe mapema kwamba "would" hii ni jamaa ya -likuwa -ki-: walikuwa wakiteremsha. Njia nyepesi ya kujihakikishia ni kuweka "kila kiangazi" mbele ya sentensi. Ikikubali bila kutafuta "kama", basi hiyo ni ya mazoea.

Kiswahili nacho kina pengo lake. "Walikuwa wakinywesha mifugo" yaweza kuwa desturi ya miaka, na yaweza kuwa jambo lililokuwa likiendelea jana saa nne gari lilipopita. Tena haituambii kama desturi imekoma. Mfasiri wa "used to" asiridhike na kitenzi peke yake. Aongeze zamani, enzi hizo, siku hizi hawafanyi tena, kadiri sentensi inavyodai.

Kuna pia kosa la kipimo cha muda. Mlowezi Mjerumani Adolf Siedentopf alikuwa akilima na kufuga ndani ya kreta kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na "used to farm" inamfaa. Ukitaja idadi ya miaka aliyokaa, Kiingereza kinarudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "farmed". Tukio la mara moja, kama lile la 1974, halichukui "used to" kabisa.

Na asichanganye mtu "I used to" na "I am used to". Ya pili ni nimezoea, na kitenzi kinachofuata huchukua "-ing". Mtu wa Karatu aliyezoea kuamka kwenye baridi ya Julai husema "I am used to waking up in the cold". Akisema "I used to wake up in the cold", ameshahamia Dar es Salaam. Matamshi yanazidisha utata, kwa kuwa "d" haisikiki na wengi huandika "use to". Umbo hilo ni sahihi baada ya "did" tu: "they did not use to".

Ombi langu ni kwa walimu wa Kiingereza wa Karatu na kwa vyuo vinavyofundisha waongoza watalii. Mfundisheni kijana kanuni ya "used to" pamoja na swali moja la kujiuliza kabla hajafungua kinywa: jambo hili limekoma kweli, na limekoma wapi? Watu wanaosemwa katika sentensi zake wanaishi umbali mfupi kutoka anaposimama, na mgeni anaondoka akiamini alichoambiwa.